Sanduku la Mkuu wa Chuo

Mwanachuo tuliyekwenda kumkagua katika kata ya Issuna, kwenye barabara itokayo Manyoni kwenda Singida, alikuwa akifundisha vyanzo vya historia. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Malengo yalikuwa yamepangwa kwa namna inayopimika, zana zimetajwa, hatua za somo zimegawanywa kwa dakika, na kila hatua ina kazi ya mwalimu na kazi ya mwanafunzi. Akaandika ubaoni: masimulizi ya mdomo, maandishi, akiolojia, makumbusho, isimu. Watoto wakanakili. Alipouliza mfano wa chanzo cha maandishi, mtoto mmoja alijibu, "Kitabu," naye akasema, "Vizuri, mpigieni makofi." Alipotaka mfano wa pili darasa lilinyamaza, na kwa kuwa dakika za hatua ile zilikuwa zimekwisha, akaendelea na hatua iliyofuata. Tulimpa alama nzuri. Kwa fomu ile tuliyokuwa nayo mikononi hatukuwa na sababu ya kumnyima.

Alasiri ya siku hiyo hiyo tulikwenda kutoa pole katika nyumba moja isiyokuwa mbali na shule. Marehemu alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu kabla ya kustaafu na kurudi kwao kulima uwele na alizeti, na baadhi yetu tulipita mikononi mwake. Hatutamtaja jina wala chuo alichokiongoza, kwani familia haikutupa ruhusa hiyo na wala hatukuiomba. Baada ya salamu na maji ya kunywa, mjane wake alisema kwamba mzee aliacha makaratasi yake, na kwamba tangu arobaini ipite hakuna mtu aliyeyaulizia. Akamtuma mjukuu, na mjukuu akatoka chumbani akiburura sanduku la bati.

Ndani mlikuwa na maandalio ya masomo ya miaka ya 1960, kauntabuku tano, barua zilizofungwa kwa kamba ya katani, kumbukumbu za vikao, kanda mbili za kaseti zisizoandikwa chochote juu yake, na bahasha kubwa ya kurasa zilizopigwa taipu pamoja na nakala zake za kaboni. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini, wakala pembe ya kauntabuku mbili. Kurasa nyingine zilikuwa zimekwisha kwenda. Wajukuu walifanyia hesabu migongo mitupu ya karatasi, na wakati wa mvua, kuni zikiwa mbichi, karatasi kadhaa zilisaidia kuwasha moto. Mama yule alitueleza hayo bila kuona haya, na hakuwa na sababu ya kuona haya. Sisi tuliosoma kwa marehemu, tuliojua kwamba kila likizo alizunguka na daftari akiwauliza wazee, hatukuwahi hata siku moja kwenda kumweleza mkewe kwamba yale yalikuwa kitu.

Mwanachuo wetu alikuwa pamoja nasi. Mfano wa pili wa chanzo cha maandishi, ambao darasa lake lilishindwa kuutaja saa nne asubuhi, ulikuwa mbele yake juu ya mkeka.

Tunaandika makala haya kwa ajili ya ninyi mlio vyuoni, ambao baada ya muda si mrefu mtapangwa katika shule za namna ile. Imani yetu ni kwamba karatasi za mwalimu mwanahistoria wa mahali, awe alifika kuwa mkuu wa chuo au aliishia mwalimu wa darasa la pili, ni zana ya kufundishia iliyo bora kuliko nyingi tunazozihimiza. Lakini ubora huo hauko pale ambapo watu wengi huutafuta. Tueleze kwa mfano.

Katika mojawapo ya zile kauntabuku marehemu alikuwa ameandika swali moja juu ya ukurasa: "Tulihamaje?" Swali lilihusu kuhamia vijijini, katika ile miaka ya 1973 hadi 1976. Chini yake yalikuwapo majibu manne, kila moja na jina la msemaji, tarehe, na mahali walipozungumza. Mzee wa kwanza alisema walihama kwa hiari yao baada ya mkutano. Wa pili alisema walipakiwa katika lori pamoja na vyungu vyao. Wa tatu alisema alihama mwenyewe, lakini baada ya kuona paa la jirani yake limeezuliwa. Wa nne alikuwa mwanamke, naye hakuzungumza habari ya mkutano wala ya lori. Alisema kwamba uwele wake ulikuwa umekomaa kule walikotoka, na kwamba usiku alirudi mara tatu kuuvuna akiwa na mtoto mgongoni. Hata mwaka hawakukubaliana; wawili walitaja 1974, mmoja 1975, na mama yule alisema ni mwaka aliojifungua mtoto wa tatu.

Katika bahasha ya taipu tuliukuta ukurasa uliotokana na daftari hilo. Ulikuwa na sentensi moja: "Mwaka 1974 wananchi walihamia katika vijiji vya maendeleo." Ukurasa huo ulikuwa safi, umepigwa kwa nafasi mbili, na pembezoni umeachiwa nafasi ya kutosha kama alivyotufundisha.

Mwanachuo aliuchukua ukurasa wa taipu kwanza, na hapana shaka wengi wenu mngefanya hivyo. Unasomeka kwa urahisi, hauna mikwaruzo, na unanakilika ubaoni kwa dakika mbili. Sisi twauona ukurasa wa daftari kuwa ndio wenye manufaa kwa mwalimu. Ule wa taipu unampa mtoto jambo la kukariri. Ule wa daftari unamwonyesha kwamba historia ilikusanywa na mtu aliyetembea kwa miguu, akauliza, akajibiwa mambo yasiyopatana, kisha akalazimika kuamua aandike nini. Mtoto akisha kuiona kazi hiyo ikifanyika katika karatasi moja, maneno "masimulizi ya mdomo" hayatakuwa kwake tena maneno ya kunakili.

Hatusemi kwamba marehemu alidanganya. Alikuwa mtumishi wa serikali na kiongozi wa chuo katika miaka ambayo chuo cha ualimu kilitazamiwa kuwa mfano wa siasa ya nchi. Yawezekana kabisa kwamba ukurasa ule wa taipu uliombwa na ofisi fulani kwa ajili ya sherehe fulani, na ofisi haikuomba habari za uwele. Alichokifanya, na ambacho kwetu ni cha kusifiwa, ni kwamba hakulichana daftari. Aliziweka kurasa zote mbili katika sanduku moja. Msomaji anayeusoma mmoja bila wa pili anapoteza nusu ya mafunzo ya mwalimu wake.

Mtu asidhani kwamba tunazungumzia sanduku moja la Issuna. Kwa majirani zetu wa Dodoma alikuwapo mwalimu mstaafu, Ernest Musa Kongola, aliyefanya kazi ya namna hii kwa kiasi kikubwa zaidi. Hakungoja shirika la uchapaji. Aliandika kwa Kiswahili, akapiga taipu, akajalidi, na kazi yake ikawa juzuu kadhaa zinazohusu koo, watu na nchi ya Ugogo. Juzuu mojawapo inahusu mbeyu, yaani ukoo, wa Wevunjiliza, tangu mwaka 1688 hadi 1986. Mwanahistoria Mmarekani Gregory Maddox, mwalimu wa chuo kikuu huko Houston, aliichukulia kazi hiyo kwa uzito hata akaandika juu yake kitabu kizima pamoja na Kongola, kilichotoka mwaka 2006. Hakukiandika ili kusahihisha makosa ya mwalimu wa mkoani. Alitaka kuonyesha jinsi mtu wa mahali anavyoitengeneza historia kwa maandishi, kwa kumbukumbu, na kwa kuisimulia mbele ya jamaa zake.

Tuutazame huo mwaka 1688. Mwanachuo akiukuta atafanya moja kati ya mambo mawili. Ama ataupokea na kuuandika ubaoni kwa kuwa umepigwa taipu, ama ataucheka kwa kuwa katika Ugogo ya wakati ule hapakuwa na mtu wa kuandika tarehe. Yote mawili ni uvivu. Njia ya tatu ni kuwauliza wanafunzi: mtu aliyekuwa na majina ya mababu peke yake, angefikaje kwenye mwaka? Angehesabu vizazi vingapi, na kila kizazi angekipa miaka mingapi? Wape watoto majina ya mababu wanaoyajua wenyewe, wahesabu kurudi nyuma, kwanza kwa miaka 25 kwa kila kizazi, halafu kwa miaka 30. Kwa vizazi kumi tu watapata tofauti ya miaka 50. Hapo somo la historia limekutana na somo la hisabati bila mtu kulazimisha, na watoto wameelewa wenyewe kwa nini tarehe za zamani hutofautiana. Wala hawatamdharau mwandishi, kwani wao wenyewe wamekwisha kuionja kazi yake.

Kabla ya Kongola alikuwapo Mathias Mnyampala, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969. Ninyi mnamjua kwa ngonjera, maana ni nani aliyepita chuo cha ualimu bila kuwaandalia watoto ngonjera za sherehe? Lakini mtu huyo huyo, aliyepata kuwa mwalimu na baadaye akafanya kazi za serikali na za mahakama, alitoa mwaka 1954 kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1995, na mhariri wake alikuwa Maddox yule yule. Sasa tazameni miaka. Mwaka 1954 nchi ilikuwa bado inatawaliwa kwa kupitia machifu, kwa mujibu wa sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, na serikali ya kikoloni ilipenda kuona kila kabila lina mipaka yake, watawala wake na mila zake zilizoandikwa. Baada ya uhuru mamlaka ya machifu yaliondolewa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 mshairi yule yule aliitumia kalamu yake kulijenga taifa zima. Mtu mmoja, kalamu moja, nyakati mbili. Mwalimu anayekisoma kitabu cha 1954 kama kwamba kimeandikwa nje ya wakati wake hatakielewa, hata akiwa Mgogo.

Kutoka Marangu twaweza kumtaja Nathaniel Mtui, mwalimu wa Kilutheri aliyeacha madaftari tisa ya historia ya Wachaga, yaliyoandikwa wakati Wajerumani wakiwa bado nchini. Madaftari hayo yalikuja kutumiwa na wataalamu waliokuja baadaye. Tunamtaja ili mjue kwamba kazi hii ni ya zamani katika ualimu wetu, na kwamba ilianza kabla ya vyuo vyetu vingi kujengwa.

Basi kwa nini karatasi za waalimu ziko chini ya vitanda? Hapa tunasema kwa uchungu kidogo. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa serikali ya kikoloni katika mambo ya mila, alikufa mwaka 1962, na karatasi zake zina mahali pake katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika habari za watu waliowatawala, vimehifadhiwa na Idara ya Nyaraka za Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1963. Hilo ni jema, na hatutaki karatasi hata moja kati ya hizo itupwe. Kuhusu Wanyaturu, vitabu vya kisomi vinavyotajwa mara nyingi ni vya wageni: Mjerumani von Sick wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Schneider mwaka 1970, na Bibi Marguerite Jellicoe mwaka 1978. Nao tunawashukuru. Lakini kila mmoja wao aliwauliza wazee kupitia kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo hakuwa na rafu ya kuwekea daftari lake. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inashughulikia hasa kumbukumbu za umma. Sanduku la mstaafu ni mali ya familia yake, na usalama wake unategemea kama familia inajua lilivyo na thamani. Hakuna ofisa atakayetoka makao makuu kuja kumweleza mjane wa Issuna. Wa kumweleza ni mwalimu wa shule ya jirani.

Tumesikia vyuoni hoja mbili za kupinga. Ya kwanza husema kwamba historia za koo na makabila zitaamsha ukabila. Hoja hii tunaiheshimu, kwa kuwa nchi hii ililipa gharama ili mtoto wa Issuna aweze kukaa dawati moja na mtoto wa Newala bila kuulizana kabila. Lakini ukabila hulishwa na historia moja isiyoulizwa maswali, ile isemayo sisi tulikuja kwanza, wao walikuja baadaye. Daftari lenye majibu manne yasiyopatana halimpi mtu nafasi ya kujivuna hivyo. Aidha, karatasi nyingi za namna hii hazihusu makabila hata kidogo. Zinahusu kisima, mnada, shule ya kwanza, na reli iliyojengwa kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri katika miaka ya 1930 kisha ikang'olewa katika miaka ya 1940. Mtoto anayepita kila siku kwenye tuta lisilo na reli ana haki ya kuuliza reli ilikwenda wapi.

Hoja ya pili ni ya mtihani. Mtihani wa taifa haumwulizi mtoto habari za Issuna, na mwalimu hupimwa kwa matokeo. Hili ni kweli, na tusidanganyane. Hatuombi muhula. Tunaomba kipindi kimoja cha dakika arobaini katika mada ya vyanzo vya historia, mada ambayo imo tayari katika muhtasari wa Historia ya Tanzania na Maadili, na ambayo kwa sasa watoto wengi huipokea kama orodha. Mtoto aliyeshika chanzo mkononi ataikumbuka orodha hiyo siku ya mtihani vizuri kuliko aliyeinakili.

Tena kuna faida ambayo mtihani hauwezi kuipima. Katika vitabu vya darasani Vita Kuu ya Kwanza katika nchi yetu ni von Lettow-Vorbeck na Smuts, nani alirudi nyuma na nani alisonga mbele. Kwa watu wa kati ya nchi vita hiyo ilikuwa njaa. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, mvua zikakosekana, ikafuata homa kali ya mafua ya 1918. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya. Inakadiriwa kwamba ilichukua watu 30,000 katika watu 150,000 wa Ugogo, yaani mmoja katika kila watano. Jina Mtunya lilikaa katika vinywa vya wazee na katika madaftari ya watu walioandika kwa lugha za wenyeji. Mwalimu wa mahali akiandika "alizaliwa wakati wa njaa fulani", ametuachia kalenda, na ni kazi yetu kuisoma.

Sasa, njia. Hatuna nia ya kuwapa orodha ya hatua, maana fomu mnazo za kutosha. Tutaeleza alichofanya mwanachuo wetu kesho yake, na alipokosea.

Jioni ile alimwomba mama ruhusa ya kunakili ukurasa mmoja tu, ule wa majibu manne. Hakuomba kuchukua sanduku. Mama alikubali, lakini akataka majina ya wasemaji yasisomwe darasani mpaka wenyewe au watoto wao waulizwe. Mwanachuo alishangaa kidogo. Sisi tuliona mama yule amemfundisha jambo ambalo sisi hatukuwahi kumfundisha. Karatasi hizi zina majina ya watu, ugomvi wa mashamba, mahari zilizodaiwa, tuhuma za uchawi. Singida ilipata kuwa na mauaji ya wale walioitwa watu-simba, mwaka 1946 na 1947, na watu wakakamatwa na kushtakiwa. Mwalimu akilikuta jambo la namna hiyo katika daftari la mstaafu, akaenda kulisoma mbele ya darasa ambamo wajukuu wa pande zote mbili wameketi, atakuwa amewasha moto kwa karatasi, na moto huo si wa kupikia. Kuna kurasa za kufundishia na kuna kurasa za kufunga na kurudisha mahali pake. Kuzitofautisha ni sehemu ya ualimu.

Asubuhi aliyaandika majibu manne katika karatasi nne za manila na kuligawa darasa makundi manne. Kila kundi lilipewa jibu moja bila kuonyeshwa mengine, likaulizwa: watu walihamaje? Makundi yalipotoa majibu yao, darasa lilivurugika kwa kubishana, na mwanachuo aliogopa. Alitutazama sisi tuliokaa nyuma kana kwamba ameharibu somo. Tukamwashiria aendelee. Kisha akabandika ukurasa wa taipu alioupiga chapa kwa mkono, akauliza kama sentensi ile ni ya kweli. Mvulana mmoja akasema ni ya kweli lakini ni fupi. Msichana mmoja akauliza kwa nini mama wa uwele hayumo.

Hapo ndipo alipokosea. Alijibu mwenyewe. Alisema mama hayumo kwa sababu mwandishi aliona jambo lake ni dogo. Huenda ni hivyo, huenda sivyo. Hakuna mtu katika chumba kile aliyejua, na swali lilikuwa zuri mno kufungwa kwa jibu la kubahatisha. Angeweza kuwarudishia: tungewezaje kujua? Ni nani tungemwuliza? Tumezoea kuona ukimya wa mwalimu kuwa ni udhaifu. Katika somo la chanzo ukimya huo wakati mwingine ndio ufundishaji wenyewe.

Kosa la pili lilikuwa la lugha, na tunalitaja kwa kuwa mtalirudia. Katika daftari marehemu alikuwa ameacha maneno kadhaa ya Kinyaturu kama wasemaji walivyoyatamka, akijua bila shaka kwamba Kiswahili chake hakikuwa na neno lililolingana. Mwanachuo, ambaye kwao ni mbali, aliyaruka. Watoto wangeweza kumweleza. Ingekuwa mara ya kwanza katika wiki zake tatu kwa darasa kujua jambo ambalo mwalimu halijui na kuombwa msaada, na tunadhani lingefurahi.

Kuhusu kutunza, mambo ni machache na hayahitaji fedha. Sanduku liinuliwe juu ya matofali, lisiguse sakafu wala ukuta. Karatasi zisipangwe upya kwa mtindo mnaouona ninyi kuwa mzuri. Mwenyewe alikuwa na mpango wake, na barua iliyowekwa ndani ya daftari iliwekwa humo kwa sababu. Msitupe kipande kwa kuwa kimechafuka. Msiandike juu ya karatasi ya mtu kwa kalamu ya wino, hata kama ni namba tu. Mwenye simu yenye kamera apige picha kurasa moja baada ya nyingine, mchana, mlangoni penye mwanga, na nakala ya kwanza apewe familia. Asiye na simu anakili kwa mkono kama waalimu wetu walivyonakili. Kaseti zisichezwe katika redio mbovu kwa hamu ya kusikia. Kanda ikikatika sauti imekwenda.

Tulipokuwa tukiaga, mmoja wetu alimwambia mama kwamba ingefaa karatasi zote zihamishiwe katika chuo, zikatunzwe huko. Mama akauliza, "Mkizichukua, walimu, mtazirudisha lini? Na mkizipoteza, nimwendee nani?" Tulinyamaza, kwa sababu tunaijua stoo moja ya chuo ambamo maandalio ya mfano ya miaka ishirini yalinyeshewa na mvua ya msimu mmoja, na hakuna aliyeulizwa. Tukamwambia ukweli, kwamba kwa sasa sanduku liko salama zaidi kwake kuliko kwetu, mradi litoke sakafuni.

Mjukuu alileta matofali sita. Mwanachuo alibaki Issuna wiki tatu nyingine, na kila jioni baada ya kusahihisha madaftari alikwenda kunakili. Alipomaliza mazoezi alikuwa amefika ukurasa wa arobaini na mbili wa kauntabuku ya kwanza, na alimwachia mwalimu wa historia wa shule ile daftari la nakala na penseli mbili.